Maua Ambayo Hayakufungwa

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa nafanya kazi katika kituo cha utafiti wa mimea nje kidogo ya Thika. Barua yangu ya kuajiriwa ilisema mimi ni msaidizi wa maabara, lakini kazi iliyonilisha haikuwa ya maabara. Nilikuwa nafunga maua.

Ua la pamba hufunguka siku moja tu. Jioni ya kuamkia siku hiyo tumba lake huwa limechomoza kama kidole, petali zimejisokota pamoja. Ukilifunga ncha kwa uzi jioni hiyo, asubuhi halifunguki. Nyuki haingii, na ua linajichavusha lenyewe humo humo ndani. Usipolifunga, jua likipanda linafunguka, jeupe la kuelekea manjano, na nyuki anapita humo na vumbi la maua ya jirani miguuni. Hapo huwezi tena kusema kwa hakika mbegu zitakazotoka baba yao ni nani. Kufikia kesho yake ua limegeuka la waridi na limekwisha.

Kwa hiyo kila siku ya msimu wa maua, kuanzia saa kumi za jioni, mimi na mama mmoja kutoka mtaa wa Majengo tulipita kati ya mistari na nyuzi zetu shingoni, tunafunga. Asubuhi tulirudi kutundika lebo kwenye kila ua lililofungwa, tarehe na nambari ya mmea kwa penseli. Yule mama alikuwa kibarua, amenipita umri kwa miaka kama kumi na mitano, Mwislamu mwenye vidole vyepesi kuliko vyangu. Nilimwita dada, naye aliniita mdogo wangu.

Aliyetusimamia tulimwita Daktari, ingawa hakutibu mtu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkali wa macho, aliyesoma ng'ambo miaka mingi akarudi na sanduku la vitabu na mfuko mdogo wa mbegu. Mbegu hizo zilikuwa za pamba yenye upara. Tunda lake likipasuka hakuna kitu cheupe ndani, ni mbegu nyeusi tupu zinazong'aa. Wafanyakazi wengine wa kituo walicheka sana. Pamba isiyo na pamba ina faida gani?

Daktari hakucheka. Siku yangu ya kwanza kwake aliniketisha mbele ya hadubini, saa tatu asubuhi, akanipa ua lililofunguka la pamba ya kawaida. Alinionyesha jinsi ya kulikata tumbo kwa wembe na kutoa vijimbegu vichanga vilivyomo, vidogo kuliko punje ya wimbi.

"Angalia ngozi yake," akasema.

Niliangalia. Ngozi ya kile kijimbegu ilikuwa imetoka vipele vidogo vidogo, vya mviringo, vinavyong'aa, kama mkono wa mtu aliyepigwa na baridi ya Julai.

"Kila kipele hicho ni seli moja," akasema. "Na kila uzi wa pamba uliowahi kuvaa ni seli moja kama hiyo, imejivuta mpaka ikawa ndefu. Jana jioni haikuwa imeanza. Leo asubuhi ua limefunguka, nayo imeanza. Sasa weka huyu mwingine."

Niliweka kijimbegu cha ile pamba yenye upara. Kilikuwa laini mwanzo hadi mwisho.

"Seli zote za ngozi zina maagizo yale yale ndani yake, yaani jeni," akaendelea. "Hata hapo kwenye pamba nzuri utaona moja imevimba na jirani yake imelala tu. Nani ameiambia hii iamke? Huyu mwenye upara kuna agizo limeharibika. Mimi sitafuti pamba isiyo na pamba, mama. Natafuta mahali palipovunjika, ndio nijue palikuwa panafanya kazi gani."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita na hakuna aliyewahi kunieleza jambo kana kwamba nitalielewa. Nilimpenda na nikamwogopa tangu asubuhi ile.

Alikuwa amezipandisha zile pamba mbili, ya upara na ya kawaida, na watoto wao wote wakatoka na nyuzi kama kawaida. Hao watoto ndio walikuwa kwenye mistari yetu mitatu. Tulikuwa tunayafunga maua yao ili tupate wajukuu safi, kwa sababu upara uliojificha kwa watoto ungejitokeza kwa wajukuu. Daktari alisema kama jeni iliyoharibika ni moja tu, mjukuu mmoja kati ya kila wanne atakuwa na upara. Wakiwa wachache kuliko hapo, basi kuna jeni zaidi ya moja, na kisa ni kirefu zaidi. Lakini hesabu hiyo ingekuwa na maana ikiwa tu hakuna nyuki aliyeleta chavua ya nje. Na mita chache kutoka mistari yetu kulikuwa na shamba zima la pamba ya kawaida.

Nyumbani kwetu kulikuwa Gatongora, upande wa Ruiru, chumba na sebule nyuma ya duka la makaa. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine za kusokota katika kiwanda cha nguo hapo Thika. Tulikuwa na binti mmoja wa miezi minane, na mama mkwe alikuja kukaa nasi ili amwangalie. Miaka hiyo kila mtu aliyekuwa na kazi aliishikilia kwa meno. Mitumba ilikuwa imejaa sokoni, viwanda vya nguo vinapunguza watu, na hata serikalini kila wiki tulisikia orodha ya watakaoachishwa kazi inaandaliwa. Kituoni watu waliacha kuomba ruhusa. Ukiumwa unakuja hivyo hivyo, usije ukaonekana kwamba unaweza kukosekana.

Ilikuwa Januari, wiki ambayo maua yalikuwa mengi kuliko wiki zote. Jioni moja, tukiwa tumefunga mstari wa kwanza tu, karani wa ofisi alitoka barazani akaniita kwa mkono.

"Simu yako kutoka Ruiru. Wanasema mtoto amekakamaa."

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka nilimpa yule mama wa Majengo uzi wangu wote na kusema, "Dada, nisaidie." Naye alitazama mistari miwili iliyobaki, akatazama jua.

"Nenda," akasema. "Nitafanya nitakachoweza."

Daktari alikuwa Nairobi siku hiyo. Hapakuwa na mtu wa kumwomba ruhusa, na nilishukuru.

Nilimkuta mama mkwe kwenye mlango wa nyumba, leso imemwanguka, amemkumbatia mtoto.

"Ngai, maitũ, hii mtoto ameshika moto," alikuwa akisema, akimwita Mungu na mama kwa Kikuyu. "Amegeuza macho. Nimemwagia maji, nimemwita, haniangalii."

Tulimpeleka hospitali. Walimpokea, wakamchoma sindano, wakasema ni degedege ya homa na kwamba kifua kimejaa, alazwe. Nilikaa naye. Asubuhi mume wangu alikuja kunipokea, kwa sababu zamu yake ilikuwa ya mchana, nami nikaenda kazini bila kubadilisha nguo.

Nilifika saa mbili na nusu na jua lilikuwa limeshapanda. Mstari wa pili ulikuwa umefungwa nusu. Wa tatu ulikuwa umefunguka wote. Maua yamekaa wazi kama vikombe na nyuki wameshaanza. Nilisimama pale nikiwasikia.

Kilichotakiwa nilikijua. Ningeyakata yale maua yote, niandike kwenye daftari kwamba hayakufungwa, basi. Tungepoteza maua ya siku moja. Lakini nilisikia gari la Daktari likiingia getini, na kitu pekee kilichokuja kichwani ni ile orodha. Nilimwona akilini akiuliza kwa nini, akisikia kwamba niliondoka saa kumi na nusu bila ruhusa, akiandika. Nikaingiza mkono mfukoni nikatoa lebo.

Nilitundika lebo kwenye yale maua yaliyokuwa wazi, moja baada ya nyingine, tarehe na nambari, kama yaliyofungwa. Nilipofika mwisho wa mstari niliinua kichwa na kumwona yule mama wa Majengo amesimama na debe la maji. Alikuwa ameona.

"Mtoto?" akauliza.

"Amelazwa."

"Mungu atamponya." Alimwaga maji polepole kwenye shina, kisha akasema bila kunitazama, "Mimi sijaona kitu, mdogo wangu. Lakini wewe umeona."

Jioni ile nilitakiwa wodini, kwa hiyo niliondoka mapema tena, na mstari wa tatu ukabaki wazi tena. Asubuhi iliyofuata nilitundika lebo tena. Mara ya pili nilimaliza haraka kuliko ya kwanza, na hilo ndilo linalonitia aibu zaidi.

Kuanzia jioni ya tatu mama mkwe alikaa wodini badala yangu, nami nikafunga mistari yote. Binti yangu alitoka hospitali siku ya tano, amekonda, analia kwa nguvu. Mama mkwe alimshukuru Mungu kwa sauti iliyosikika hadi dukani. Mimi nilishukuru pia, lakini shukrani yangu ilikuwa na doa. Kila nilipomtazama akinyonya nilikumbuka nyuki.

Mwanzo nilijiambia ni jambo dogo. Pamba hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa hata bila kufungwa, hilo nilifundishwa chuoni. Huenda nyuki waliharibu mbegu chache tu. Halafu nilikuwa nikikaa kula, hesabu inaanza upya: maua mangapi, nyuki wangapi, matunda mangapi, mbegu ngapi katika kila tunda. Mume wangu aliuliza kwa nini siku hizi nasonga midomo kama mtu anayesali.

Mwezi wa tatu matunda yalipasuka na tukavuna. Nilikuwa nimepanga kuyang'oa kimyakimya yale ya siku zile mbili, niyatupe. Lakini daftari lilikuwa na idadi ya kila lebo kwa maandishi yangu mwenyewe, na Daktari alikuwa akihesabu matunda moja moja huku akitia alama. Kwa kila mmea aliweka akiba ya matunda machache kwenye mikebe, yakiwa na lebo zake. Mengine yote tuliyachambua mbegu, akazimimina katika karai moja. Nilikuwa nimeshika karai hilo. Ningeweza kusema wakati ule, mbegu zikiwa bado mkononi mwake. Alizimimina, nikatikisa karai ili zikae sawa.

Oktoba tukazipanda. Mvua za vuli zilikuwa nzuri, mimea ikaota vizuri, nami nilitamani ife. Ni vigumu kueleza jinsi mtu anavyoweza kulima shamba na kupalilia na kumwagia maji kitu ambacho anaomba kisizae. Nilipoteza uzito. Yule mama wa Majengo hakuwahi kurudia neno lake, na ukimya wake ulinisumbua kuliko kama angenitisha. Tulifunga maua pamoja jioni baada ya jioni, na nilifunga kila kitu, hata tumba ambalo lingefunguka baada ya siku mbili.

Matunda ya wajukuu yalipoanza kupasuka Daktari alianza kupita kila asubuhi na daftari lake. Kwa wiki ya kwanza alihesabu tu. Wiki ya pili alikuja maabara akaketi kwenye kiti cha juu, akavua miwani.

"Wako wachache," akasema. "Nilitarajia mmoja kati ya wanne. Hawafiki hata mmoja kati ya kumi."

Nilikuwa naosha chupa. Niliendelea kuosha ile ile.

"Unaelewa maana yake?" Uso wake ulikuwa umechangamka kama wa msichana. "Si jeni moja. Ni mbili, labda zaidi. Nyuzi haziamshwi na mtu mmoja. Kule ng'ambo wameshaipata jeni inayoamuru nywele za majani kwenye gugu fulani dogo, na kila mtu anadhani pamba itakuwa hivyo hivyo, jeni moja basi. Hapa tuna kitu cha kuwaambia."

Nikasema, "Hongera, Daktari."

Alianza kuandika muhtasari wa kupeleka kwenye mkutano wa wanasayansi. Aliuandika siku nne, akiufuta na kuupiga chapa upya, na siku ya tano aliniita ofisini akanipa karatasi.

"Soma, uone kama nimekosea idadi ya mimea. Halafu angalia hapo juu."

Hapo juu, chini ya jina lake, kulikuwa na jina langu.

"Wewe ndiye uliyefunga maua," akasema. "Kazi yote imesimama juu ya hiyo. Nenda nayo nyumbani, uilete kesho. Kesho kutwa inaondoka na posta."

Niliikunja nikaitia kwenye mkoba. Nilipofika Gatongora mume wangu alikuwa ameketi mezani saa kumi na moja, wakati alipaswa kuwa kazini. Mbele yake kulikuwa na barua ya kiwanda. Hakuhitaji kunieleza, kwa sababu tulikuwa tukiingoja mwaka mzima. Mashine zake zingezimwa mwisho wa mwezi.

"Sasa ni wewe tu," akasema. "Shika hapo ulipo, mama. Shika vizuri."

Kwa kutafuta la kusema nilitoa ile karatasi, nikamwambia ni kazi yetu, jina langu limo. Aliisoma mara mbili, ingawa Kiingereza chake cha kisayansi kilikuwa kidogo kama changu cha mashine. Kisha akamwita mama yake kutoka jikoni.

"Mama, njoo uone. Mke wangu ameandikwa. Hii inaenda Ulaya."

Mama mkwe alifuta mikono kwenye leso, akaishika karatasi kwa ncha za vidole ili asiichafue. Hakujua kusoma. Aliniuliza jina langu ni lipi kati ya hayo, nikamwonyesha, naye akaligusa.

"Haki ya Ngai," akasema. "Na siku ile tulidhani mtoto amekufa."

Nilitoka nje. Nilikaa kwenye gunia tupu nyuma ya duka la makaa, jua likiwa linazama upande wa reli, na nikajua siwezi kuiacha karatasi ile iende. Haikuwa ujasiri. Nilikuwa nimeogopa miezi kumi na mitano, na ile hofu ya kukamatwa nilikuwa nimeizoea, lakini hii ya kusifiwa sikuiweza. Nilimwona Daktari amesimama mbele ya watu wa nchi nyingine akisema wachache, wachache, na mtu mmoja wa nyuma akiuliza kama maua yalifungwa yote, na yeye akijibu ndiyo.

Asubuhi niliingia ofisini kwake kabla hajavua koti. Yule mama wa Majengo alikuwa mlangoni, amekuja kuchukua mifuko ya kuvunia. Niliweka karatasi mezani.

"Daktari, msimu uliopita kuna maua sikuyafunga."

Alisimama, koti likiwa limevuliwa nusu.

"Mstari wa tatu wote, na nusu ya wa pili. Mstari wa tatu ulikuwa jioni mbili. Nilitundika lebo kama yaliyofungwa. Nyuki walikuwa wameingia. Niliwaona."

"Jioni mbili," akarudia. "Tarehe?"

Nilizitaja. Nilikuwa nazijua kama siku ya kuzaliwa ya mtoto. Alifungua daftari la mwaka ule, akapitisha kidole, akasimama kwenye maandishi yangu.

"Kwa nini?"

"Mtoto alilazwa. Niliondoka bila ruhusa. Niliogopa nitafutwa."

"Nani mwingine alijua?"

"Hakuna."

"Mimi nilijua," yule mama wa Majengo akasema kutoka mlangoni. Alikuwa bado ameshika fremu ya mlango. "Nilifunga nusu ya mstari wa pili, giza likanishinda. Asubuhi nilimwona anatundika. Sikusema."

Nilitaka kumwambia anyamaze, yeye kibarua asiye na barua yoyote ya kumlinda. Daktari alitutazama mmoja baada ya mwingine. Alichukua penseli akapiga mstari katikati ya karatasi ile, kutoka juu mpaka chini, polepole sana. Kisha akavua miwani na kubonyeza macho yake kwa vidole.

"Ungeniambia asubuhi ile," akasema, "ningeyakata hayo maua kwa dakika kumi, nikakupeleka hospitali kwa gari langu."

Nilitazama maandishi yangu kwenye daftari.

"Sasa sijui nina nini," akaendelea. "Inaweza ikawa nyuki. Nyuki peke yao kushusha hesabu kiasi hiki, sidhani. Lakini kudhani si kazi yangu. Tokeni, tafadhali. Wote wawili."

Siku tatu hakunisemesha. Kila mara karani alipovuka uwanja nilidhani ameshika barua yangu. Mume wangu nilimweleza jioni ya kwanza, nikitarajia hasira. Akasema kiwandani uzi ukikatika wanasimamisha mashine, kwa sababu ukiacha iendelee nguo nzima inatoka na kovu. "Ulichelewa kusimamisha," akasema. "Lakini umesimamisha." Alisema hivyo, kisha akakosa usingizi kama mimi.

Siku ya nne Daktari aliniita. Hakunifuta. Alisema atamjulisha mkuu wa kituo kwa maneno yake mwenyewe, na kwamba sitafunga maua tena msimu ujao, nitaosha vyombo na kuchambua mbegu. Yule mama wa Majengo ataendelea, akiwa na msaidizi mwingine. Mikebe ya akiba ilikuwepo, matunda yakiwa bado na lebo. Angetoa yote ya tarehe zile mbili, na ya siku nyingine yoyote niliyokuwa na shaka nayo, na kupanda yaliyobaki.

"Kuna siku nyingine una shaka nayo?" akauliza.

Nilifikiri kwa makini kuliko nilivyowahi kufikiri. "Hapana, Daktari."

"Niangalie unapojibu."

Nilimwangalia. "Hapana."

Msimu ule wa tatu ulikuwa mrefu. Niliosha vyombo. Kila jioni saa kumi nilisikia watu wakienda mashambani na mimi nabaki na sinki. Niliogopa matokeo kwa namna mpya, kwa sababu sikujua niombe nini. Wakitoka mmoja kati ya wanne, basi ni mimi niliyeharibu, na Daktari aliponea chupuchupu kudanganya watu. Wakitoka wachache, basi nimemchelewesha mwaka mzima bure.

Hatukungoja matunda. Januari, maua ya kwanza yalipofunguka, Daktari aliamua kuvitazama vijimbegu asubuhi ile ile, mmea kwa mmea. Asubuhi ya kwanza alinikuta kwenye sinki akaniambia nikaushe mikono.

"Nahitaji mtu mwenye macho. Mimi nitakata, wewe utaniambia. Upara au vipele. Usikisie."

Nilikaa. Mmea wa kwanza, vipele. Wa pili, vipele. Wa tatu, vipele. Nilikuwa nasema kwa sauti na yeye anaandika. Wa kumi na mbili niligeuza skrubu, nikaangalia tena. Ngozi ilikuwa laini kabisa.

"Upara," nikasema.

"Una hakika?"

"Njoo uone."

Hakuja. Aliandika.

Tulifanya hivyo karibu wiki tatu, kila asubuhi kuanzia maua yanapofunguka. Mwishoni alijumlisha mara mbili, akanipa na mimi nijumlishe. Walikuwa wachache. Si idadi ile ile ya mwaka uliotangulia, walizidi kidogo, lakini hawakukaribia hata kidogo mmoja kati ya wanne. Matunda yalipopasuka baadaye yalisema vivyo hivyo.

Nilidhani nitafurahi. Nilichohisi kilikuwa kama mtu aliyeteleza ukingoni mwa kisima akakuta mguu umegusa jiwe. Sikuwa nimeokolewa na uangalifu wangu. Kama pamba ingekuwa ya namna nyingine, kosa lile lile lingekuwa uongo kwenye kitabu cha mtu.

Daktari aliandika muhtasari mpya na kuupeleka mkutano wa mwaka ule. Jina langu halikuwa juu. Kulikuwa na mstari mmoja mwishoni wa kuwashukuru waliotazama hadubini na waliofunga maua, bila majina. Aliponionyesha alisubiri niseme kitu. Nilimwambia ni sawa, na ilikuwa sawa. Nilienda na nakala nyumbani. Mama mkwe akaniuliza jina langu liko wapi, nikamwambia safari hii halimo. Akasema basi litakuwepo nyingine, akaendelea kumenya viazi.

Mume wangu alishinda nyumbani miezi saba, kisha akaanza kushona na kurekebisha nguo kibandani karibu na steji ya matatu ya Ruiru, nguo hizo hizo za mitumba zilizomfungia kiwanda. Alizichukia na alizijua vizuri kuliko mtu yeyote. Binti yetu alikua. Aliwahi kupata degedege mara moja tena, akiwa na miaka miwili, na mara ile nilimfuata Daktari mwenyewe shambani nikamwambia naondoka, mtoto anaumwa. Aliingiza mkono mfukoni akanirushia funguo za gari, kisha akakumbuka kwamba sijui kuendesha. Akapiga kelele aletewe koti, akanipeleka.

Njiani, tulipovuka daraja la mto, aliuliza, "Ana umri gani sasa?"

"Miaka miwili na miezi mitatu."

"Basi ni yule yule."

"Ndiye."

Alikaa nasi hospitali mpaka homa iliposhuka, amejikunja kwenye benchi na viatu vyake vya shambani. Mwaka uliofuata mradi wa pamba uliisha na akapata kazi chuo kikuu cha nchi nyingine. Siku aliyokuwa akifunga vitabu vyake nilimuuliza jambo nililoogopa kuliuliza miaka yote, nisije nikaonekana mjinga. Nilimuuliza, kwenye ile ngozi ya mbegu, pamba nzuri kabisa isiyo na kasoro, seli mbili zimekaa bega kwa bega na maagizo ni yale yale. Kwa nini hii inaanza na ile haianzi?

Alishika kitabu hewani kitambo.

"Sijui," akasema. "Ndicho ninachoenda kutafuta. Nipe ile kamba."

Nikampa, nikamshikia sanduku, akalifunga.